Waliotuacha siku za dhiki: je, nimsamehe asiyeniomba msamaha?

Mama wa Mahamri, Kisauni

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Ninaandika kuhusu jambo ambalo limenielemea kwa miezi kadhaa, na ningependa kusikia hasa kutoka kwa wale waliolipitia, kwa sababu mahubiri nimeyasikia na Maandiko ninayasoma, lakini moyo wangu haujatulia.

Mume wangu alifanya kazi kwa miaka mingi katika kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Wenyeji watakumbuka mwaka 2019, ilipotoka amri kwamba makontena yapelekwe kwa reli mpya hadi Nairobi na kutolewa huko, na jinsi ofisi, maghala na vibanda vya chakula vya madereva wa malori vilivyofungwa kimoja baada ya kingine. Kazi yake ilikwisha wakati huo. Mwaka uliofuata akapatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukapooza, na maneno yake yakawa hayaeleweki ila na mimi na watoto. Huduma ziliporudishwa bandarini mwaka 2022, wenzake kadhaa waliitwa tena kazini; yeye hakuweza hata kushika kalamu.

Kabla ya hayo, nyumba yetu ilikuwa nyumba ya watu. Ushirika wa nyumbani ulifanyika kwetu kila Alhamisi jioni, na mimi nilikuwa nikitoa viti vya plastiki barazani, nikichemsha chai ya tangawizi na kuijaza katika chupa mbili. Korona ilipoingia mwaka 2020 mikutano ilipigwa marufuku, na hilo nililielewa. Lakini ibada ziliporuhusiwa tena, ushirika ulihamishiwa nyumba nyingine bila mtu yeyote kuniambia. Kwa Alhamisi tatu mfululizo nilitoa viti, nikakaa nikingoja hadi giza likaingia, kisha nikavipanga tena kimoja juu ya kingine. Alhamisi ya nne sikuvitoa.

Wapo wawili ambao siwezi kuwasahau. Wa kwanza ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye sisi ndio tuliomlipia karo tangu kidato cha kwanza. Alipoona simu zangu zinahusu gharama za matibabu, aliacha kuzipokea. Wa pili ni sahibu yangu wa zaidi ya miaka ishirini, aliyekuwa msimamizi wangu siku ya arusi. Huyu hakunikosea kwa neno lolote. Alitoweka tu. Nilianza kupika mahamri na mbaazi za nazi na kuuza mbele ya nyumba kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na nilijua kwamba yeye hupitia barabara ya nyuma ili asinione.

Mwezi uliopita alikuja. Alileta kilo mbili za sukari, akaketi, akaniambia kwamba binti yake anaolewa na kwamba angependa niwe katika kamati ya arusi. Hakusema lolote kuhusu miaka hii yote. Mume wangu, kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha, alipomtambua alicheka kwa furaha na kumshika mkono kwa mkono wake wa kushoto, asitake kuuachia. Mimi sikuweza. Nilimpa maji ya kunywa, nikasema nitafikiria.

Maswali yangu ni mawili. Je, Mkristo anadaiwa kumsamehe mtu ambaye hajaomba msamaha wala hajakiri kwamba amekosa? Na je, kusamehe maana yake ni kurudi tulivyokuwa? Nilipomwendea mmoja wa viongozi wetu aliniambia, "Mama, samehe na usahau." Tangu siku hiyo, nikisali sala ya Bwana na kufika pale pasemapo "kama sisi nasi," sauti hunikatika.

Mzee wa Kanisa, Changamwe

Pole sana, mama yangu. Nimesoma habari za viti mara mbili, na kabla ya kufungua Biblia nataka niseme wazi kwamba mlitendewa vibaya. Nasema hivyo kwa sababu tuna desturi mbaya makanisani ya kumharakisha aliyeumizwa ili sisi tulio pembeni tupate utulivu.

Mfano wa mtumwa asiyesamehe katika Mathayo 18 mara nyingi huhubiriwa kana kwamba deni la mtumwa mwenzake lilikuwa kitu cha kupuuzwa. Halikuwa hivyo. Lilikuwa dinari mia, na sura ya 20 ya Injili hiyo hiyo inatuonyesha kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima shambani. Dinari mia, basi, ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho la mtu, na kibarua yeyote wa hapa Changamwe atakuambia kwamba hizo si fedha ndogo. Ni kweli kwamba zinaonekana ndogo zikiwekwa kando ya talanta elfu kumi ambazo mfalme alimsamehe mtumwa yule, na hapo ndipo penye uzito wa mfano; lakini Bwana hakusema kwamba hakukuwa na deni. Kusamehe ni kufuta deni ambalo lipo kweli, na mtu hawezi kufuta asichokubali kwanza kwamba anadai. Wewe unadai. Usione haya kulisema hilo mbele za Mungu.

Kuhusu swali lako la kwanza, wapo wanaoshika Luka 17:3, pasemapo kwamba ndugu yako akikosa umwonye na akitubu umsamehe, wakasema kwamba pasipo toba hakuna msamaha. Nami nalichukua andiko hilo kwa uzito, hasa neno la kwanza ambalo wengi hulipita: umwonye. Lakini tazama pia Paulo alipokuwa amefungwa na kuandika waraka wa pili kwa Timotheo. Anasema kwamba katika jawabu lake la kwanza hakuna mtu aliyesimama upande wake, bali wote walimwacha, kisha anaongeza, "Naomba wasihesabiwe hatia kwa jambo hilo." Hao hawakuwa wamemwomba chochote. Huenda hata hawakujua kwamba amewaombea. Alilitua deni lao mbele za Mungu, kwa sababu lingekaa mikononi mwake lingemfunga mnyororo wa pili juu ya ule aliokuwa nao.

Na hapa ndipo swali lako la pili linapojibiwa, maana sura hiyo hiyo ya nne haiwatendei watu wote namna moja. Dema alimwacha kwa kuupenda ulimwengu wa sasa, na Paulo anamtaja kwa huzuni na kusonga mbele. Iskanda mfua shaba alimtendea maovu mengi, na Paulo, pamoja na kumwachia Bwana malipo, anamwambia Timotheo ajihadhari naye. Marko ndiye anayenigusa zaidi. Kijana huyu aliwaacha akina Paulo huko Pamfilia na kurudi Yerusalemu, na kwa ajili yake Paulo na Barnaba walishindana hata wakatengana, mmoja akaenda Kipro na mwingine Shamu na Kilikia. Miaka ikapita. Katika waraka huu Paulo anaagiza Marko aletwe kwake, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Msamaha wa moyoni waweza kutolewa leo kwa wote. Kumweka mtu tena mahali pake pa zamani kunahitaji muda, na kunahitaji yeye mwenyewe aonekane kwamba amegeuka. Sahibu yako aweza kuwa Marko. Hujui bado. Lakini kwa kuwa amekuja mlangoni, nakusihi usimpe jibu la kamati kabla hujampa lile neno la Luka, yaani kumwambia, kwa upole na bila kuzunguka, alichokutendea.

Mama Pacha, Bamburi

Ninamshukuru mzee kwa maneno yake, nami niongeze machache kuhusu hilo la "samehe na usahau," kwa sababu niliambiwa hivyo hivyo mume wangu aliponiacha na watoto wachanga wawili na kwenda kuishi kwingine, na maneno hayo yaliniumiza karibu sawa na kuachwa kwenyewe. Nilitafuta katika Biblia mahali mwanadamu anapoamriwa kusahau kosa alilotendewa, sikupaona. Mungu anaahidi kupitia Yeremia kwamba dhambi ya watu wake hataikumbuka tena, lakini hiyo ni ahadi aliyoitoa juu yake mwenyewe, si mzigo aliomtwika mjane au mtoto aliyeachwa.

Mtazame Yusufu. Mzaliwa wake wa kwanza alimwita Manase, akisema kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake zote. Mtu angedhani basi yamekwisha. Lakini siku ndugu zake walipokuja Misri kununua nafaka aliwatambua mara moja, na aliposikia wakizungumza wenyewe kwa wenyewe kuhusu jinsi walivyomwona akiwasihi wasimsikie, aliondoka kwao akaenda kulia. Hakuwa amesahau. Wala hakuwakumbatia siku ile ya kwanza. Aliwapima, akataka kuona kama watamwacha Benyamini jinsi walivyomwacha yeye, na Yuda aliposimama na kujitoa abaki mtumwa badala ya kijana yule ndipo Yusufu hakuweza tena kujizuia. Mimi sisomi hapo mtu mwenye kinyongo. Nasoma mtu aliyetaka kupatana na watu wa kweli, waliobadilika kweli.

Mwenzangu, mimi nimemsamehe baba wa watoto wangu, na nalisema hili kwa kicho mbele za Bwana. Simtakii mabaya, na watoto hawajasikia neno baya juu yake kutoka kinywani mwangu. Lakini hana ufunguo wa nyumba yangu. Asiwepo mtu wa kukufanya uamini kwamba hayo mawili hayawezi kukaa pamoja.

Abiria wa Likoni

Nimesita kwa siku mbili kuandika, kwa kuwa katika habari kama hii mimi niko upande wa sahibu yako, mama, na si upande wako.

Rafiki yangu wa tangu utotoni aliwekwa rumande Shimo la Tewa kwa kesi ambayo baadaye ilifutwa. Alikaa humo miezi minane. Nilikwenda kumwona mara moja tu, katika juma la kwanza. Watu wakiniuliza nilisema kwamba nina kazi nyingi, na nilikuwa nayo kweli, lakini hiyo haikuwa sababu. Mkewe alikuwa amenipigia simu akiomba msaada wa kumtafutia wakili, nami sikuwa na kitu. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba ya miezi miwili. Kwetu sisi mtu huona aibu kwenda kwa mgonjwa au kwa mfungwa mkono mtupu, kana kwamba uso wake hautoshi bila kifurushi. Nikasema nitakwenda nikipata. Mwezi ukapita, na baada ya mwezi nikawa na aibu mbili, ya kutokuwa na kitu na ya kutokwenda. Baada ya miezi mitatu aibu ile ilikuwa imekua hata nikaanza, Mungu anisamehe, kumkasirikia yeye, kana kwamba yeye ndiye aliyenitenda. Nadhani hilo ndilo lisilofahamika kwa walioachwa: mara nyingi anayekukwepa hakudharau, ila kila akikuona anajiona mwenyewe.

Alipotoka, nilimwona kwenye kivuko cha Likoni, asubuhi, feri ikiwa inashusha watu. Nilijificha nyuma ya mkokoteni wa mitungi ya maji mpaka akapita. Nilimwona amekonda na ameshika begi lile lile alilokuwa nalo shuleni. Sijajitetea kwa kusema haya, wala siombi mtu aniambie kwamba si kitu. Nilikosa. Nilifahamu siku ile kwamba Petro alipolia kwa uchungu hakulia kwa sababu ya jogoo.

Yeye ndiye aliyenitafuta. Alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada, akabisha, akasema amekuja kula. Tulikula wali na samaki wa kupaka pamoja na mke wangu na watoto, na baada ya chakula ndipo aliponiuliza, akinitazama usoni: "Ulikuwa wapi?" Nililia kama mtoto mbele ya watoto wangu. Nikamwambia yote, hata ya mkokoteni.

Tangu hapo nimeisoma sana sura ya 21 ya Yohana. Petro alikuwa amemkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na Bwana aliyefufuka akamngoja ufuoni akiwa amewasha moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Waliposhuka pwani, neno lake kwao halikuwa la lawama. Aliwaambia, "Njoni mfungue kinywa." Walipokwisha kula ndipo alipomuuliza Petro mara tatu kama anampenda, mara ngapi alimkana ndizo mara ngapi alimuuliza, na Petro akahuzunika. Kwa hiyo ukweli ulisemwa, tena ulisemwa hadi ukauma; ila ulitanguliwa na chakula. Mama, wewe ndiwe mwenye karai na mbaazi. Sithubutu kukuelekeza, kwa kuwa walioacha hawana haki ya kuwafundisha walioachwa kusamehe. Nakuambia tu kilichoniokoa mimi.

Mwanajumuiya, Mikindani

Tumsifu Yesu Kristo. Langu ni dogo. Katika waraka uleule alioutaja mzee, Paulo anamkumbuka Onesiforo, ambaye hakuuonea haya mnyororo wake, bali alipofika Rumi alimtafuta kwa bidii mpaka akampata. Mama, je, wewe huna Onesiforo? Nauliza kwa sababu mama yangu mzazi alipougua, tulihesabu wasiokuja kwa majina, kwa miaka, na ilituchukua muda mrefu kutambua kwamba hatukuwahi hata kumshukuru jirani wetu Mwislamu aliyekuwa akimletea uji kila siku ya juma bila kukosa. Huenda uchungu wako ukapungua nguvu ukimpa nafasi pia yule aliyebaki.

Mama wa Mahamri, Kisauni

Ndugu zangu, nimekawia kujibu, mnisamehe. Nimeyasoma yote kwa sauti, na mume wangu akasikiliza. Yalipofika ya Abiria wa Likoni aliinua mkono wake wa kushoto niyarudie.

Nianze na la mwisho. Onesiforo ninaye, na ni aibu kwamba sikumtaja. Ni kijana wa bodaboda hapa kwenye kituo chetu, si wa kanisa letu, aliyekuwa akimbeba mume wangu kwa mikono yake kutoka mlangoni hadi kwenye tuktuk kila siku za mazoezi ya viungo, na hata leo hataki malipo isipokuwa mahamri mawili. Sasa nampa manne.

Kuhusu sahibu yangu, nilimpigia simu nikamwambia aje, lakini asije jioni kama mgeni. Aje alfajiri, nikiwa kazini. Alikuja saa kumi na mbili kasorobo. Wateja walikuwa wengi, watu wa kuwahi matatu za mjini, nami sikuwa na nafasi ya kuzungumza, basi akafunga leso yake vizuri akaanza kuwapakulia watu mbaazi bila kuambiwa. Wateja walipopungua nilimpa sahani yake na chai, nikangoja ale. Kisha nikamwambia. Nilimweleza habari za Alhamisi tatu na viti, na kwamba nilikuwa nikijua habari ya barabara ya nyuma. Sikupandisha sauti. Nilidhani nitalia, sikulia.

Alinyamaza kwa muda mrefu akiitazama sahani. Halafu akasema kwamba mama yake mzazi alikufa kwa kiharusi baada ya kulala kitandani miaka minne, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumwosha, na aliposikia habari za mume wangu mwili wake wote ulikataa kuingia tena katika chumba kama kile. Miaka yote niliyomjua, nilijua kwamba mama yake alifariki, lakini namna alivyofariki sikuwahi kuuliza. Akasema, "Nisamehe. Ningekuambia tu kwamba naogopa." Nikamwambia nimekusamehe, na wakati ninasema nilikuwa bado nina maumivu, lakini maneno hayakuwa ya uongo.

Kamati nimeikataa kwa sasa, na nimemweleza kwa nini: siwezi kuketi meza moja na watu wa ule ushirika nikizungumzia mapambo ya ukumbi, ilhali wao bado hawajanena nami neno. Amekubali. Mahamri ya asubuhi ya arusi nitayapika mimi, na yeye amesema atakuja usiku wa kuamkia siku hiyo tukande unga pamoja. Kuketi na mume wangu hajaweza bado. Siku ile alisimama mlangoni mwa chumba, akamsalimia kutoka pale, na nikaona jinsi alivyoushika mwimo wa mlango.

Shemeji yangu bado. Mzee alisema Paulo aliwaombea wasihesabiwe hatia, nami nimejaribu. Jina lake nimelitaja katika sala mara mbili juma hili, na mara zote mbili nimenyamaza baada ya jina.